Fundi wa Picha Mbichi

Ukitaka kumuudhi yule jirani yangu mpiga picha, usihangaike kumtukana. Mwambie tu, "Papa Photo, nitumie ku telefone leo leo, vile ilitoka." Atavua miwani, ataifuta kwa ncha ya shati, atakutazama kwa huruma, kisha atasema, "Vile ilitoka iko mubichi. Unakulaka maharagi mubichi?" Hapo mazungumzo yamekwisha. Utarudi baada ya wiki mbili, na utakapoziona picha zako utasahau kwamba ulisubiri.

Kwa miaka kumi na miwili tumepakana, yeye na studio yake, mimi na chumba changu cha kushonea, hapa Mususa, mjini Butembo, katikati yetu ukuta wa mbao ambao hata kikohozi hauzuii. Nilikijua kikohozi chake kabla sijamjua mke wake. Ninaposimulia habari zake watu hucheka, nami hucheka nao, lakini leo nitasimulia na lile ambalo huwa ninaliruka: kwamba kwa miaka miwili nilimwona akiharibikiwa na kazi yake mwenyewe, nikafunga mdomo. Mimi, ambaye mtaa mzima unanijua kwa kutofunga mdomo.

Kwanza mambo ya ubichi. Kamera, kama alivyonieleza mara zisizohesabika, inaweza kukupa picha kwa namna mbili. Ya kwanza, inaipika yenyewe palepale: inachagua rangi, inachagua mwanga, na vile ambavyo haikuvihitaji inavitupa. Ya pili, inakupa vyote ilivyoviona, vizito, vya kijivujivu, havitamaniki, halafu kazi ya kupika inabaki kwako. Wapiga picha wengi wa mjini walichukua ile ya kwanza kwa sababu wateja wana haraka. Yeye alichukua ya pili tangu alipopata kamera inayoweza kuitoa. "Kamera inapikaka sawa mutu mwenye njaa," alisema. "Inafunika chungu, inafunua, inakula."

Ukimwona kazini ungedhani ni mganga. Kuta za chumba chake alizipaka rangi ya kijivu, zote nne, na dari pia. Dirisha lilikuwa na pazia zito jeusi. Skrini ya kompyuta aliiingiza ndani ya katoni aliyoipaka weusi kwa ndani, ili mwanga wa nje usiiguse. Siku za kusafisha picha hakuvaa shati la rangi, kwa sababu, alisema, shati jekundu linatupa wekundu wake kwenye skrini na maarusi wote wanatoka na homa. Siku moja nilikwenda kumwomba mkasi nikiwa nimejifunga kitenge cha machungwa, kipya, kizuri, nimekivaa makusudi wateja wakione. Akanyoosha mkono bila kugeuka: "Jirani, bakia inje! Unanichafulia ndoa ya batu!" Nilikasirika siku mbili.

Lakini nilimpenda kwa jambo moja, nalo ni la kikazi. Mimi nashona nguo za arusi. Mchana wa kiangazi, jua likiwa kichwani, watu wetu weusi na nguo nyeupe pembeni yao, kamera nyingi hushindwa: ama uso unaonekana na nguo inageuka karatasi tupu, ama nguo inaonekana na bibi arusi anapotea gizani. Yeye alipiga picha zikiwa na giza kidogo, makusudi, hata wasimamizi waliochungulia nyuma ya kamera walishtuka. Kisha akirudi kwenye katoni yake aliuinua uso taratibu kutoka gizani, shavu, paji, mboni, na lesi yangu ikabaki pale pale, ua moja moja. "Giza inafichaka tu," alisema. "Mwangaza njo inaunguzaka. Ile imeungua, hata upige magoti hairudie."

Alikuwa na misemo ya namna hiyo kwa kila kitu. Juu ya wale vijana wanaozidisha ukali wa picha mpaka nywele zinakuwa misumari: "Noa kisu, hapana noa picha." Juu ya kusafisha nyuso alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeweza kuipinda. Chunusi aliondoa, kovu aliliacha. Nilimuuliza kwa nini. "Kipele iko mugeni, wiki ijayo inaenda kwabo. Kovu iko mwenye nyumba."

Na kung'arisha ngozi ndio kabisa. Walikuja mabinti wazuri, weusi, wa kupendeza, wakiomba kwa sauti ya chini. Nilisikia mmoja kupitia mbao zetu: "Papa Photo, uniweke clair kidogo, tafazali."

"Clair ya kufanya nini? Mama yako ataniuliza mutoto yake nilimupeleka wapi."

"Mais banafanyaka vile kwa wengine."

"Basi enda kwa wengine. Mais ukirudia, mi niko napiga picha yako, hapana ya dada yako."

Binti aliondoka akinuna. Wiki ya pili alirudi na mchumba wake, na picha zao zimetundikwa sebuleni kwao mpaka leo.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Mtu aliyeweza kukaa saa tatu akishughulikia kivuli kimoja chini ya kidevu hakuweza kusubiri dakika tatu chai ipoe. Alijiunguza ulimi kila siku na kila siku alimlaumu mwuza chai. Alikuwa wa kwaya kwenye kanisa lao la Kiprotestanti na aliimba kwa nguvu kuliko uzuri, lakini Jumapili za komunyo ya kwanza ungemkuta kwa sisi Wakatoliki, amepiga goti karibu na altare kuliko hata padri, akitafuta pembe. Kila picha aliihifadhi mara tatu: kompyuta moja, diski moja kwenye sanduku la chuma, na diski nyingine Beni kwa dada yake, imefungwa katika kofia ya sufu ya mtoto. Barabara ilipokuwa nzuri aliteremka nayo mwenyewe, ameificha kifuani chini ya koti, na akifika Beni kwenye joto hakuvua koti mpaka aikabidhi. Mtu huyo huyo alipoteza ufunguo wa studio karibu kila wiki, nami nikawa natunza wa akiba kwenye kopo la vifungo.

Yeye mwenyewe hakupigwa picha na mtu. Picha yake pekee niliyoiona ni ile ya kadi ya uchaguzi, ambamo anaonekana kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani. Alilalamika miaka yote. Si kwamba ni mbaya, hapana. Alilalamika kwamba wale watu walitumia kamera nzuri kabisa na hawakuhifadhi ubichi.

Sasa nije kwenye kitambaa cha kijivu. Mwanzoni, kabla ya kila arusi, alimwomba bibi arusi ashike kipande cha kitambaa nilichomkatia mimi, kijivu kisicho na uchafu wa rangi nyingine. Alipiga picha moja ya hicho kitambaa, basi. Baadaye, ndani ya katoni, aliionyesha kompyuta: hiki ndicho kijivu, panga rangi nyingine kwa kufuata hapa. Kazi safi. Lakini kijivu mbele ya bibi arusi! Kwenye arusi moja kule Vulamba shangazi mmoja aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"We papa! Hiyo kitambaa ya matanga unaipitisha mbele ya mutoto yetu juu ya nini?"

"Mama, iko ya kupima rangi."

"Kupima? Rangi tunaonaka na macho!"

Akakinyakua, akakitupa nyuma ya nyumba, na ndugu wa bwana arusi nao wakaanza kunong'ona, ikabidi mchungaji aombe sala fupi ya ziada. Tulicheka sana siku hiyo tukirudi kwa pikipiki, yeye, mimi na mashine ya flashi katikati. Nikamwambia nitamkatia kingine. Akasema hapana. "Yule mama alisema kweli. Miaka yote hii, macho yangu hainatosha?" Hakukitumia tena. Macho yalitosha, na yalitosha kwa miaka mingi, watu wa Beni wakapanda mpaka Butembo kumtafuta yeye tu. Jina lake lote lilisimama juu ya kitu kimoja: kwake, nyeupe ilikuwa nyeupe.

Sijui ilianza kwenye arusi ipi. Najua niliiona mara ya kwanza kwenye gauni nililolishona mwenyewe, satini nyeupe ya maziwa, nikaikuta kwenye albamu ina ubuluu. Kidogo tu, kama shati lililozidishiwa dawa ya buluu wakati wa kusuuza. Nikasema moyoni, ni mawingu ya siku ile. Arusi iliyofuata, vilevile. Iliyofuata, zaidi. Nyuso zikaanza kuwa na majivu, meno yakawa ya samawati, na komunyo ya kwanza ya mwaka ule watoto walionekana kama waliotolewa mtoni asubuhi ya baridi wakapangwa mstari. Mjini wakaanza utani: baridi ya Butembo imekuwa kali mpaka inaingia kwenye picha. Utani huo ulifika kwangu, ukafika kwa mwuza chai, ukafika kila mahali isipokuwa upande wa pili wa mbao.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Yeye ni mkubwa kwangu kwa umri, na mtu mkubwa humwendei ukamwambia kazi yako imeharibika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: ukiona suruali ya mzee imetoboka, unatazama mti. Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa. Nilidhani nikilitamka litakuwa kweli, na mimi sikujua Mususa bila yeye.

Kisha akaja yule mama wa Beni, mfanyabiashara wa kakao, mwanamke mnene mwenye sauti ya soko. Kijana wake alikuwa ameoa kule chini, na fundi wetu alikuwa ameteremka kupiga picha. Mama alipanda Butembo na albamu kwapani. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa studio, nimevaa rangi ya kijivu kwa heshima.

"Papa Photo," alisema, "hii ndoa tulifanyaka Beni, hapana Lubero ku baridi. Beni kuko joto. Juu ya nini batu yangu bote banaonekana sawa banatoka mu frigo?"

"Mama, iko telefone yako. Ba telefone inaongezaka bleu."

"Telefone gani? Niko na karatasi mu mukono!"

Akaifungua albamu. Fundi aliitazama kwa makini, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, na niliona kwa uso wake kwamba hakuona kosa lolote. Hakuwa anabishana. Alikuwa anamtazama yule mama kama mtu anayeambiwa kwamba mvua haina maji. Ndipo mama akanigeukia mimi.

"Mama, weye unaishi na bitambaa. Sema kweli. Hii robe ya bibi arusi iko blanc, iko mweupe?"

Wote wawili wakanitazama. Jibu lilikuwa neno moja, nami nililijua. Nikasema, "Labda karatasi, mama. Kuko karatasi inakunywaka rangi mubaya."

Mama alifunga albamu, akaenda zake, na ubatizo wa mjukuu wake ulipigwa picha na mtu mwingine. Baada yake wengine. Fundi alinishukuru jioni ile. "Wasingya, jirani," alisema, "batu hapana jua karatasi."

Aliyemwokoa ni mkewe, na wala hakujua lolote la picha. Yeye alichoona ni kwamba mume wake anabadilisha balbu za nyumba kila mara akisema zina umanjano, na kwamba amemwagia chai mezani huku akisema kikombe kimehama. Hakuogopa heshima wala nini. Alimshika mkono kama mtoto, akampeleka kwa daktari wa macho, na daktari akasema macho yote mawili yameota utando, na utando huo umekuwa wa manjano polepole, kila siku kidogo. Ndiyo maana, nikaelewa. Kila nyeupe ilimfikia ina umanjano, naye akaongeza buluu mpaka imridhishe. Alikuwa anapika vizuri kabisa, kwa ulimi mgonjwa.

Walimpasua jicho moja kwanza. Siku aliyorudi studio nilimsikia anafungua mlango, anawasha kompyuta, anavuta kiti. Si kikohozi, si wimbo wa kwaya. Mguu wangu ukaacha kukanyaga mashine.

"Jirani. Kuya."

Nikaenda. Kwenye skrini kulikuwa na gauni langu la satini, buluu kama kopo la enameli. Alikuwa amefunika jicho bovu kwa kiganja, akalifunua, akalifunika tena.

"Hii robe, ulishonaka ya rangi gani?"

"Blanc, Papa."

"Na hapa?"

"Bleu."

"Uliona tangu lini?"

"Tangu hiyo hiyo. Miaka mbili."

"Na siku ya mama wa Beni?"

"Niliona, Papa."

Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Alisema tu, "Mi nilizania katikati yetu kuko mbao tu," akageukia skrini. Nilirudi chumbani kwangu nikalia juu ya kitambaa cha mteja, nikakifua jioni hiyo hiyo.

Kwa karibu mwezi hatukuongea zaidi ya salamu. Lakini nilimsikia akifanya kazi, na polepole wimbo ukarudi, kwanza kwa pua, halafu kwa mdomo wote. Maana hakuna kilichokuwa kimepotea. Hiyo ndiyo faida ya ubichi ambayo sikuwahi kuielewa kwa kuambiwa. Ule ubuluu wote wa miaka miwili haukuwa ndani ya picha. Ulikuwa maagizo tu aliyoyaweka juu yake. Aliyaondoa, na chini yake picha zilikuwa zimekaa vilevile, na satini ya maziwa, na meno ya watu, na jua la Beni. Akaanza upya, arusi kwa arusi, komunyo kwa komunyo. Alichapisha, akafunga, akaenda mlango kwa mlango kuwarudishia watu, akisema waziwazi, "Macho yangu ilikuwa mugonjwa, munisamehe." Beni aliteremka mwenyewe. Yule mama wa kakao aliifungua albamu mpya barazani, akapiga kelele, "Sasa hii njo Beni kweli!" na hakumruhusu kuondoka mpaka ale kuku mzima.

Walimpasua na jicho la pili. Akazidi kuona, akazidi kunisumbua. Tulipatana bila kupatana: siku moja aliita kupitia mbao, "Jirani, hii wekundu si imezidi?" nikaenda, nikasema imezidi, akapunguza. Tangu hapo kila picha aliniita, na kila mara nilisema kweli, hata alipokunja uso.

Wiki iliyopita alikuwa anamalizia arusi ya mwisho katika zile za kurekebisha. Ilikuwa mchana, mimi nina gauni la watu mashineni.

"Jirani, kuya kuona."

Nikaenda nimejitayarisha kusema juu ya rangi. Rangi ilikuwa safi. Nikamwambia iko safi. Akaikuza picha, akaikuza tena, mpaka skrini nzima ikawa kiuno cha gauni, gauni langu, na mshono wangu ukipita katikati.

"Unaona nini?"

"Mushono."

"Inapita namna gani?"

Niliinama karibu na katoni. Niliona weupe. Akaikuza mara nyingine, na hapo nikauona: ulikwenda sawa, ukapinda, ukaruka pindo, ukarudi. Akafungua arusi nyingine ya kabla ya hiyo. Ulipinda kidogo. Nyingine ya zamani zaidi: umenyooka.

"Iko lentille yako, ile kioo ya kamera," nikasema. "Lentille inapindishaka."

Akakisogeza kiti chake, akanipa nafasi nikae. Sikukaa.

"Juu ya nini bateja hapana niambia?"

"Banakuheshimu," alisema. "Mi nimeona sasa hivi tu. Hata dakika tano bado kupita."

Niliondoka nikiwa na hasira kweli, hasira ya kumwambia arudi kwenye vipele vyake. Nilikaa mashineni. Uzi ulikuwa umekatika, nikauchukua niupitishe kwenye sindano, na kwa mara ya kwanza nilijitazama ninavyofanya. Sikuwa natafuta tundu kwa macho. Nilikuwa nalitafuta kwa ncha ya ulimi na vidole, nalamba, napapasa, nakosa, narudia, na sikukumbuka nilianza lini kufanya hivyo. Mara ya nne uzi ukapita. Gauni la binti wa watu lilikuwa mbele yangu, na ndoa yake ni Jumamosi.

"Papa," nikaita. "Ule docteur anafunguaka saa ngapi?"

Hakupaza sauti. "Saa mbili ya asubui. Tutaenda bote."